Siti ya Mkata Maji

Baiskeli iliingia kwa fundi kwa kutupwa. Mkata Maji alishuka ikiwa bado inatembea, akaiacha iende zake mpaka ikajibamiza ukutani, kisha akaifuata pale chini akaitandika siti teke. Siti ikalia. Akaitandika la pili. Ikalia tena, sauti ileile ya paka aliyebanwa na mlango.

"Umeisikia?" akauliza. "Hata ukiipiga inajibu."

"Ina adabu hiyo, shemeji. Inaitikia salamu."

Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Masihara, na jina alilipata kwa jasho lake. Aliwahi kupachika filimbi ya mdoli chini ya siti ya mwalimu mkuu, na mwalimu wa watu akaendesha mpaka shuleni akidhani tumbo ndilo linalomlilia. Aliwahi kumfungia mteja breki kinyumenyume, ya mbele ikawa nyuma, ya nyuma ikawa mbele, halafu akakimbia mbele kumsubiri kwenye mteremko. Hakuwa mtu mbaya. Ila mtu akianguka, kati ya kumwokota na kucheka, yeye alianza kucheka.

Mkata Maji alikuwa mume wa dada yake. Kazi yake kupita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, na aliyezembea bili anafungiwa koki hapohapo. Nyuma ya baiskeli, kwenye keria, alifunga kwa mpira spana ya mabomba, ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Alikuwa na tabia ya kuongea huku ameishika.

"Wananisikia tangu kona," alisema, akijigonga gonga pajani na ile spana. "Nikifika nakuta mlango umefungwa, redio imezimwa, kila mtu kakaa kama yuko msibani. Nawaona kabisa wametoka kufanya mambo yao. Jasho bado liko usoni. Lakini sina cha kuwashika nacho. Hii siti inanichongea, Masihara. Sasa nataka nifike kama nyoka. Wainue macho, waone nimesimama mlangoni. Nizione sura zao."

Masihara akacheka mpaka akashika ukuta. Nizione sura zao! Hayo si ndiyo maneno yake mwenyewe? Maisha yake yote alikuwa anatafuta sura za watu walioshtuka. Hakujua kwamba ndani ya yule shemeji, mwenye uso kama mlango wa stoo, mlikuwa na mtani mwenzake.

"Leo hii hii," akasema. "Kaa hapo."

Akaigeuza baiskeli matairi juu, akaing'oa siti. Wengine wakisikia siti inalia wanamwagia springi mafuta, inanyamaza siku moja, inaanza upya. Masihara alifungua mpaka kile kibano kinachoishika siti kwenye bomba lake, akakuta kutu imekaa humo kama ukoko wa sufuria. Akaisugua kwa msasa. Akapaka grisi kwenye bolti, kwenye meno ya kibano, kwenye kila springi inapokaa. Akakata kipande cha mpira wa tairi la ndani, akakizungushia bomba pale chuma kinapogusana na chuma. Ngozi ya siti nayo ilikuwa imekauka, inajisugua kwenye misumari yake, akaishibisha mafuta kwa kidole. Kisha kwa kuwa shemeji ni shemeji, akamfanyia na zawadi: akafungua friwili, lile gurudumu la meno la nyuma linalosema tiktiktik ukiacha kukanyaga, akalishindilia grisi mpaka likawa bubu.

Mkata Maji akapanda. Akajirusha rusha juu ya siti kwa uzito wake wote, mtu mwenye mwili ule. Kimya. Akazunguka pale mbele ya kibanda. Kimya kama kivuli. Akashuka, akamshika Masihara nyuma ya shingo kama ndugu, akabana kuliko ndugu anavyobana.

"Usimwambie dada yako," alisema. "Nataka kumshtua."

"Mimi? Mdomo nimeshaushona."

"Napitia nyumba mbili tatu, halafu naenda kwangu."

Akaondoka bila sauti. Masihara akabaki anatabasamu peke yake. Halafu wazo likamjia, na likimjia huwa halimwachi: hawezi kutengeneza kitu kitamu hivi halafu asione kikifanya kazi. Akafunga kibanda jua likiwa bado lipo, akatia mfukoni rambo, kifuko cha plastiki, ya grisi iliyobaki, akakata njia ya mkato kwenda kwa dada yake.

*

Dada alikuwa anashona. Masihara alisikia cherehani kabla hajafika getini, na redio juu yake, na juu ya redio dada mwenyewe akiimba vibaya. Nyumba yenyewe ndogo: chumba cha mbele, chumba cha kulala, mlango wa nyuma wa kutokea kwa jirani. Geti lilikuwa wazi; uani, ubavuni mwake, bafu la mabati.

"Wewe!" dada akashtuka, mkono kifuani. "Unaingia kama mwizi. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuwaangalia tu. Siruhusiwi?"

"Ukija kutuangalia unakuwaga na njaa. Leo mbona umeshiba?"

Binti wa dada alikuwa chini anakata nyuzi za sare za shule, marundo kwa marundo. Masihara akamfinya pua, akakaa kwenye stuli inayotazama mlango, mahali pazuri pa kuona. Kicheko kilikuwa kinamtekenya tumboni. Alikunywa maji ili kukishusha.

"Kwani shemeji si alisema hataki biashara hapa ndani?" akauliza, ilimradi aseme kitu.

"Alisema."

"Na hizi?"

Binti ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtoto anayeonyesha alama zake za mtihani. "Mjomba, sisi tunamsikia! Akiwa palee, kwenye nguzo ya umeme iliyoinama, siti yake inaanza. Mama anasukuma cherehani chini ya kitanda. Mimi nazima redio, natupa sare kwenye ndoo ya nguo chafu, napita mlango wa nyuma naenda kwa jirani mpaka aite. Mara mbili hizi za mwisho mama kaumia kidogo tu. Mimi sijawahi kushikwa."

"Ukishikwa unafanywa nini?"

Binti akamtazama mama yake. Mama yake akauma uzi, akaukata kwa meno.

"Mjomba wako anapenda maswali," alisema.

Kicheko kilimtoka Masihara tumboni, kikaondoka bila kuaga. Akamtazama dada yake kama mtu anayetazama baiskeli aliyoletewa. Blauzi ya mikono mirefu, na joto lote hili. Futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, na chini ya futi, pembeni ya koo, alama nne kijani kijani zilizopangana kama zilivyopangana vidole. Mwaka jana alimkuta ana jicho lililovimba, akamwambia, "Mlango wa nyumba hii una ngumi nzito," na dada akacheka, na yeye akacheka, wakala, akaenda zake. Dada huyuhuyu aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Siku zile dada alikuwa anamchekesha tu asilie.

*Wametoka kufanya mambo yao. Jasho bado liko usoni.* Kumbe shemeji hakuwa anawasema wateja.

Akainuka. "Dada," akasema, "dada, nisikilize. Ile siti..."

"Siti imefanya nini?"

Dada alikuwa bado ameshika uzi mkononi. Binti aliinua macho kwanza, na zile sura mbili, moja baada ya nyingine, Masihara akaziona vizuri kabisa kutoka pale penye stuli. Mahali alipopachagua mwenyewe.

Mkata Maji alikuwa amesimama mlangoni na spana yake.

"Ooh," alisema taratibu. "Na fundi wangu umewahi. Ulitaka kuona, siyo? Mpigieni makofi jamani. Leo kaitengeneza siti yangu, kaipaka mafuta kwa mikono yake."

Dada akageuka akamtazama mdogo wake. Kwa muda mfupi tu. Baadaye Masihara alipigwa sana, lakini pigo la kwanza lilikuwa lile.

Spana ilianza na cherehani. Ilishuka kichwani mwake, chuma kikapasuka, gurudumu likaruka likaenda kugonga ukuta. Binti alikurupuka kuelekea mlango wa nyuma, miguu yake ikiijua kazi yake, lakini ilikuwa imechelewa. Baba yake alimdaka nywele akamrudisha kama anavuta ndoo kisimani. "Kumbe njia ni hii," akasema. "Nilikuwa najiuliza." Akambamiza ukutani kwa mkono mmoja. Mtoto akakaa chini, damu puani, wala hakulia. Hilo ndilo lililomwasha Masihara: mtoto aliyejua kwamba kulia hakusaidii.

Akamrukia mgongoni. Alikuwa mwembamba, mwepesi, hajawahi kupigana na mtu ila kwa mdomo, basi akatumia mdomo: alimuuma sikio mpaka meno yakakutana. Mkata Maji akanguruma, akarudi nyuma kwa nguvu, akamponda ukutani mara moja, mara mbili, pumzi yote ikamtoka. Masihara akaanguka. Spana ikamfuata. Aliinua mkono wa kushoto kuikinga na akausikia mfupa ukivunjika kabla hajausikia uchungu, ule mlio mkavu wa kijiti. Halafu ukaja uchungu, akatapika.

"Mwache!" Dada alikuwa ameshika pasi aliyokuwa akinyooshea sare, na pasi ilikuwa ya moto. Hakuitupa. Alimwendea nayo, akaikandamiza begani mwa mumewe kwa mikono miwili, kama anavyonyoosha ukosi, na harufu ya shati na ya nyama ikajaa chumba. Mwanamume akapiga yowe. Akajigeuza, spana ikazunguka chini chini, ikampata dada kwenye goti. Dada hakupiga kelele. Alikwenda chini polepole akiwa amemwangalia usoni. Akiwa chini, akapigwa mbavuni. Akapigwa tena. Binti akaja akaung'ang'ania ule mkono wa spana, akaning'inia nao hewani, akatikiswa akaanguka.

Kisha ikaisha, kama mvua inavyokatika. Mkata Maji alisimama katikati ya sare za shule anahema. Sikio lilikuwa linamtiririkia shingoni. Akalishika, akatazama vidole, akashika bega, akakunja uso.

"Naenda kuoga," alisema. "Nikitoka nikute hapa pamefagiliwa." Akanyoosha spana kuwaonyesha damu na nywele zilizoigandia. "Hii nayo nakwenda kuisuuza. Na msijisumbue na geti. Bafu liko pale pale, mimi naoga huku masikio yangu yako wazi. Hata sisimizi akitoka nitamsikia."

Akachukua taulo na kandambili. Wakasikia geti likilia likifungwa, kisha bati la bafu. Wakasikia maji.

*

Dada alijaribu kusimama, goti likamwambia hapana.

"Ulijua?" akanong'ona.

"Kaniambia anataka kukushtua. Nilidhani..."

"Wewe unadhani kila kitu ni masihara."

"Ndiyo."

Dada akafuta damu mdomoni kwa sare ya mtoto wa watu. "Akitoka humo ataniua," alisema, bila kupaza sauti wala kutetema, kama mtu anayesoma futi. "Leo hakumaliza, nimemwona. Sikio linamuuma ndiyo maana. Akishajimwagia maji atarudi kumaliza. Mchukue mtoto, mpite nyuma."

"Na wewe?"

"Mimi natembea na nini? Na kwa jirani ndiko atakakoanzia."

Masihara akamtazama. Halafu akatazama nje, mlangoni. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa kwenye bati la bafu, siti juu, inang'aa mafuta aliyoipaka mwenyewe.

"Utapanda," alisema.

"Imeegemea bati lake ile, ataisikia!"

"Dada. Mimi najua mambo mawili tu, na moja ni upuuzi. Hili la baiskeli niamini."

Walimbeba, yeye kwa mkono mmoja mzima, binti kwa upande wa pili. Kuvuka ua ule, ua wa hatua chache tu, kulikuwa kama kuvuka mto. Nyuma ya bati mtu alikuwa anajimwagia maji na kulaani kwa kila kopo linalogusa bega. Povu lilitoka chini ya bati, jekundu kidogo, likapita katikati ya miguu yao.

Kwanza geti. Masihara alilijua lile geti, lina bawaba za kupigia kelele mtaa mzima. Akatoa ile rambo ya grisi mfukoni, akaichana kwa meno, akazisiliba bawaba, juu na chini, akasukuma kwa bega. Geti likafunguka kama linaogopa nalo.

Halafu baiskeli. Akaitoa kwenye bati taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala mgongoni. Binti akaishika usukani. Dada akaweka mkono shingoni mwa mdogo wake, akajiinua.

Maji yakakatika.

Wakaganda. Nyuma ya bati, karibu kiasi cha kumgusa, mtu alikuwa amesimama anasikiliza. Walisikia anavyovuta pumzi kwa pua. Dada alikuwa hewani, nusu yake juu ya siti, nusu yake kwenye mkono wa Masihara, na mkono ule ulikuwa unaishiwa. Hakuna namna ya kumshusha. Hakuna namna ya kumshikilia. Masihara akamwachia.

Uzito wote wa dada yake ukakaa juu ya siti.

Springi zikabonyea. Ngozi ikakunjika. Kibano kikapokea, mpira ukapokea, bolti zikapokea, na hakuna kilichosema neno.

Nyuma ya bati mtu akatema mate. Kopo likazama kwenye ndoo, maji yakaendelea.

Binti akapanda keria. Masihara akaanza kusukuma kwa mkono mmoja, friwili likizunguka bubu na grisi yake. Wakapita geti. Na hapo, ukutani kwa nje, kwenye usawa wa goti, ndiko ilikokuwa koki ya nyumba. Mkono wa Masihara ukaiendea wenyewe. Nusu mzunguko tu! Mkata Maji, kajaa sabuni machoni, anakatiwa maji! Vidole vilikuwa vimeshaigusa.

Akainua macho. Dada alikuwa anamtazama kutoka juu ya siti.

Akaiacha. Akasukuma.

*

Walikuwa wameikaribia ile nguzo iliyoinama waliposikia yowe. Kisha wakasikia kitu kingine, kinawafuata barabarani: kandambili zilizolowa. Chwap, chwap, chwap. Safari hii waliweza kumsikia.

Binti akageuka. "Mjomba, anakuja. Ana taulo. Ana na ile spana."

Nguzoni barabara inagawanyika. Zote mbili zinateremka, zote zinajipinda nyuma ya nyumba; moja inakwenda sokoni, nyingine inakwenda hospitali na kituo cha polisi. Masihara alikuwa haoni vizuri tena. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia kama wa mtu mwingine.

"Breki zinashika," alimwambia dada. "Ya mbele ni ya kulia, mbele kweli, naapa. Mguu mmoja unatosha, ni mteremko mtupu."

"Panda nyuma ya mtoto."

"Haitatubeba."

"Panda, wewe mtoto!"

"Dada," akasema, "mara moja tu niache nifanye kitu mpaka mwisho." Akaegemeza kifua chake kwenye keria, kwenye magoti ya binti, akasukuma kwa vyote alivyobakiwa navyo. Baiskeli ikaichukua njia ya hospitali, ikakata kona, ikapotea. Yeye akageuka, akasimama katikati ya njia panda.

Mkata Maji alifika na povu kwenye nyusi. Hakuuliza kwanza, alipiga. Spana ilimpata Masihara kwenye taya, akaonja meno yake, akaanguka na mguu wa yule mtu mkononi, akaukumbatia. Akapigwa mgongoni. Akaukumbatia. Akapigwa tena, kidole kimoja baada ya kingine vikamlegea. Milango ilianza kufunguka. Mlango wa kwanza alitoka bibi mmoja aliyekatiwa maji wiki iliyopita, na mchi mkononi. Halafu wa pili ukafunguka.

"Wamepita wapi?" Mkata Maji alikuwa anapaza sauti, anageuka huku, anageuka kule, taulo limeshikwa kwa mkono wa pili. "Wamepita wapi, we mbwa? Sokoni? Hospitali? Sema!"

Masihara akatema damu, na jino, na kitu kama kicheko. Alikuwa amelala chali lami ikimchoma mgongoni, anaangalia waya za umeme.

"Sikiliza, shemeji," akasema. "Wewe si una masikio. Sikiliza vizuri."

Yule mtu akasimama. Akashusha pumzi. Akainamisha sikio zima upande wa sokoni, akaligeuzia upande wa hospitali, na mtaa mzima ukanyamaza pamoja naye, hata bibi wa mchi. Alisikia maji yakimdondoka mwilini mwake mwenyewe, basi.